Mama Mlango Hafungui

Aliyempenda alimwita Mama Mlango. Asiyempenda alimwita Kufuli, na hao ndio waliokuwa wengi, maana hakuna anayempenda mlinda mlango siku amechelewa. Yeye majina yote mawili aliyaitikia. Jina alilopewa na babake lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kabatini chini ya mashuka.

Bungeni aliingia na ndoo. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa mapema, akamwachia binti mmoja na mdomo, na vyote viwili alivilea vizuri. Shule alikaa kidogo tu, akatoka anajua kusoma jina lake na majina ya vituo vya basi, basi. Akapata kazi ya kupiga deki sakafu za bunge, zile korido ndefu ambazo waheshimiwa huzipita na viatu vya matope huku wakizungumzia usafi wa miji.

Siku moja Spika wa wakati huo, mzee mmoja mkali, akataka kukatiza kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa. Mama akasimamisha ufagio wa maji mbele yake.

"Zunguka, mheshimiwa."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Zunguka. Sakafu haijakauka."

Spika akazunguka. Watu wakasema huyu mwanamke kesho hana kazi. Kumbe wiki ileile mlinda mlango wa zamani alikamatwa akimpenyeza mbunge ukumbini baada ya kengele, akafukuzwa, na Spika akasema, nileteeni yule wa deki. Ndivyo alivyopewa ufunguo. Hakuna aliyemfanyia mpango, hakuna mjomba aliyempigia simu mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wabunge wakifika kwenye kura ya jambo zito, kengele inalia. Si ya umeme. Ya umeme ilikufa zamani, mafundi wakaja, wakaitazama, wakanywa chai, wakaondoka. Hii ni ya mkono, ya shaba, na mwenye mkono ni Mzee Kengele, mtu mwembamba aliyeipiga miaka na miaka mpaka ikamla masikio. Anaizungusha jengo zima: mgahawani, maktaba, mlango wa vyoo, uani kwenye magari. Akisharudi na kuiweka chini, Mama Mlango anavuta mbao mbili za mlango wa ukumbi, anatia ufunguo, anazungusha, anapaza sauti: "Mlango umelala!"

Ukishalala hauamki mpaka Spika agonge mwenyewe kwa ndani, kura zikiwa zimehesabiwa. Aliye ndani yuko ndani. Aliye nje akasome gazeti. Ukifunguliwa katikati, hata kwa kupitisha mtu mmoja, kura yote ni bure, na jambo lile halirudi tena bungeni mpaka mwaka mwingine. Sheria hiyo waliiweka watu waliochoka kuona wabunge wakivutwa ndani kwa kola wakati wa mwisho kabisa, wengine wamelewa.

Na palikuwa na desturi nyingine, ya rais. Rais akiingia ukumbini, wakati wowote, kila mtu anasimama na kila kazi inasimama. Hata kama mbunge yuko katikati ya neno, analimeza. Mpaka rais atoke, hakuna hoja wala kura. Hiyo nayo iliwekwa kwa heshima. Watu wakiweka heshima huwa hawafikirii kwamba ipo siku itapewa mtu asiyekuwa nayo.

Rais wa wakati huo watu walimwita Tabasamu. Alikuwa na meno mazuri na aliyatumia. Sasa, kwenye msitu wa serikali, pale juu kwenye chemchemi inayoupa mji maji, ikaota nyumba. Si kibanda, ni jumba, lina ngazi mbili za kupandia kama vile wenye nyumba hawaongei. Saruji yake, mbao zake, mabati yake, vyote vilikuwa vimeagizwa kwa ajili ya shule. Shule zikabaki na misingi, mbuzi wanalala humo.

Watu wakapiga kelele. Tabasamu akaja mwenyewe bungeni, akasimama mbele ya wote, akainua mkono wa kulia.

"Nyumba ile siijui," akasema. "Siijui ni ya nani, na sijawahi kukanyaga hata kizingiti chake."

Siku hiyo mlango ulikuwa wazi, Mama Mlango akayasikia kwa masikio yake. Aliutazama tu ule mkono.

Miezi haikupita mingi, mpwa wa rais akaolewa. Bibi harusi, kwa furaha zake, akaiweka video ya harusi hadharani watu wote waione gauni. Gauni hakuna aliyeliona. Watu waliona baraza la lile jumba, na juu ya baraza Tabasamu mwenyewe anacheza, kitambaa mkononi, jasho linamtiririka. Halafu akaja mgeni mmoja akamnong'oneza, na rais bila kumwuliza mtu akamwonyesha kwa kidole: ingia ndani, pinda kushoto, mlango wa mwisho. Choo! Nyumba hujawahi kukanyaga kizingiti chake, na choo chake unakijua kilipo!

Mtu mwenye haya angejificha. Yeye akasema yule kwenye video amefanana naye tu. Mwendesha mashtaka alipoanza kuuliza maswali, akamfukuza. Akaweka mwingine, naye alipouliza, akamfukuza. Kisha akatoa amri kwamba hakuna mtu wa kumchunguza rais bila ruhusa ya rais. Yaani ukitaka kumpekua mifuko, kwanza umwombe yeye.

Hapo hata wabunge waliozoea kulala wakaamka. Hoja ya kumwondoa madarakani ikapelekwa mezani, na siku ya kura ikapangwa.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mkwe wa Mama Mlango. Ndiyo, mume wa binti yake. Alikuwa mbunge, mwanaume mzuri wa sura, suti zinamkaa, sauti kama redio mpya. Alipokuja kumposa binti, Mama alimsikiliza kuanzia chai mpaka vyombo vikaoshwa, kisha akamwuliza swali moja tu: "Unaongea hivi siku zote?" Akacheka, akidhani anasifiwa.

Siku ya kura jengo lilijaa mpaka ngazini. Kura ilikuwa ya siri, karatasi bila jina, kila mtu anaitia sandukuni mwenyewe. Kila upande ulikuwa umeshajihesabu na kila upande ulikuwa unaogopa. Kengele ikaanza kulia. Wabunge wakakimbia kama watoto wa shule, wazee wanashikana mikono, wengine wanatafuna bado.

Mkwe alikuwa uani. Waandishi wa habari walikuwa wamemzunguka na vinasa sauti, naye anawaeleza maana ya ujasiri. Mzee Kengele akampita akiipiga kengele karibu na sikio lake. Mkwe akainua kidole: subiri kidogo. Sasa kengele inasubiri? Mzee akamaliza mzunguko wake, akarudi, akaiweka chini.

Mama Mlango akatazama korido huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Akavuta mbao, akazungusha ufunguo.

"Mlango umelala!"

Ndipo viatu vikasikika. Mkwe huyo anakuja mbio, tai imerukia begani.

"Mama! Mama, ni mimi!"

"Nakuona, mkwe."

"Fungua basi, mama."

"Umelala."

"Hata dakika haijapita! Nimekuja wakati unazungusha!"

"Umekuja wakati nimezungusha."

"Mama mkwe, usinifanyie hivyo. Leo si siku ya mchezo. Kura yangu ikikosekana tunaweza kushindwa! Yule mtu abaki pale kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako, ndiyo. Umejua kusema."

"Kwani nani ataona? Tuko watatu tu hapa, wewe, mimi na mzee asiyesikia."

"Anaona," alisema Mama Mlango. "Macho yake hayana tatizo. Kaa kwenye benchi, mkwe, unaniziba hewa."

Lakini ndani yake, maskini, moyo ulikuwa upande wa mkwe. Alitaka Tabasamu aondoke kuliko alivyotaka kula. Shule moja ya zile zenye mbuzi ilikuwa nyuma ya nyumba yake, alikuwa anaiona kila akianika nguo. Na hapa mkononi ana ufunguo, na kura moja imekaa kwenye benchi inajipepea kwa kitambaa. Kuzungusha tu. Akaubana ufunguo mpaka ukamwumiza kiganja, akatazama ukuta.

Haikuchukua muda, magari yakaunguruma uani. Walinzi wenye silaha wakabaki chini ya ngazi, maana silaha hazipandi bungeni. Aliyepanda ni Tabasamu mwenyewe na mpambe wake mmoja, jibaba lenye shingo kama gogo. Alikuwa amekuja kuingia ukumbini, wote wasimame, kura ife. Shauri zima lilikuwa hilo, na hata mtoto angelielewa.

Akamwona Mkwe kwenye benchi. Akasimama, akamtazama, meno yakatoka yote.

"Mheshimiwa! Na wewe uko nje?"

Mkwe akatazama viatu vyake.

Rais akamgeukia Mama Mlango. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ninaye mmoja, mumewe huyo amekaa hapo."

"Vizuri, vizuri. Nifungulie mama yangu, niwasalimie wabunge."

"Umelala, baba. Utawasalimia wakitoka."

Rais akacheka, kama mtu anayecheka na mtoto. "Mama, mimi ni rais."

"Najua. Picha yako iko mpaka jikoni kwetu hapa, inatutazama tukiosha vikombe."

"Basi rais haambiwi asubiri. Mimi nikiingia kila kitu kinasimama. Ndiyo desturi."

"Ukiingia, ndiyo. Sasa hujaingia."

Tabasamu likapungua kidogo. "Unajua naweza kukufukuza kazi leo hii?"

"Labda unaweza. Lakini barua ya kunifukuza anaitia sahihi Spika, na Spika yuko ndani, na ndani kumefungwa."

Mzee Kengele, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaona midomo inakwenda. Akauliza kwa sauti ile ya viziwi, jengo zima likasikia:

"Anasemaje huyo?"

"Anataka kuingia!" Mama akamjibu kwa sauti vilevile.

"Nani?"

"Rais!"

"Amechelewa?"

"Amechelewa!"

"Basi akae!"

Waandishi kule uani wakasikia, wakaanza kupanda ngazi. Mpambe akasogea, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kupokea mzigo. "Nipe ufunguo, bibi. Usilete fujo."

Mama Mlango akautazama ule mkono. Kisha, taratibu kabisa, akaufungua ukosi wa gauni lake, akautumbukiza ufunguo ndani ya sidiria, akafunga kifungo.

"Haya," akasema. "Mwenye mkono mrefu aje auchukue, na hawa waandishi wapige picha."

Mpambe akamtazama rais. Rais akatazama dari. Waandishi walikuwa wamekwisha kufika, macho yanawatoka. Halafu mkuu wa nchi, mwenye jeshi na ndege na polisi wote, akaenda akakaa kwenye benchi kando ya Mkwe, magoti yao karibu yaguse, kama watu wawili wanaosubiri daktari wa meno.

Spika akagonga. Mama akautoa ufunguo, akafungua. Ukumbi ulikuwa unavuma. Kura zilitosha, lakini haikubaki hata moja ya kutupa. Rais aliondolewa. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akashuka ngazi bila kuaga.

Hadithi ingekuwa fupi kama mkwe angekuwa na adabu.

Wabunge walimwagika uani wanaimba na kukumbatiana, na katika ile vurugu mtu akambeba Mkwe begani. Wengi walijua kelele zake za miezi yote, hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Naye akakubali kubebwa. Hilo ningeweza kulipita, mtu akibebwa ghafla anaweza kukosa la kusema. Lakini kesho yake Mama Mlango yuko jikoni kwake anamenya viazi, redio iko dirishani, akasikia sauti anayoijua.

"Niliposhika karatasi ile," inasema redio, "nilifikiria watoto wa nchi hii. Nikaitia sandukuni kwa mkono huu. Naweza kusema, kura yangu ndiyo iliyomng'oa."

Kisu kikasimama. Akafuta mikono, akachukua simu.

"Mkwe, uliitia kwa dirisha gani?"

Kicheko kidogo. "Mama, hizo ni siasa tu. Wananchi wanapenda kusikia."

"Rudi redioni useme ulikuwa nje."

"Mama! Kura ni ya siri, karatasi haina jina. Nani atajua?"

"Mimi najua. Mzee Kengele anajua. Na yule uliyegusana naye magoti anajua kuliko sisi."

Hakurudi redioni. Ndiyo kwanza akaenda redio nyingine.

Tabasamu naye alikuwa hajatoka ikulu. Alikuwa amekaa mle na mawakili wake wanatafuta tundu la kupenya, na Mkwe akawachimbia tundu kwa mikono yake mwenyewe. Wakaenda mahakama kuu na maneno matatu tu. Kwanza, mbunge huyu alikuwa nje baada ya mlango kufungwa: rais mwenyewe alikaa naye. Pili, mbunge huyu alipiga kura: amesema mwenyewe, redio mbili. Basi mlango ulifunguliwa. Na mlinda mlango ni nani? Mama mkwe wake! Kura ni bure, rais abaki.

Ukisikia hivyo unaweza kuwapigia makofi. Uongo wa mmoja wameushona na uongo wa mwingine, umekuwa shati.

Siku ya mapumziko mchana, binti akaja kwa mamake. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mkoba bado begani, macho mekundu.

"Mama, wamekuita kutoa ushahidi."

"Wameniita."

"Utasema nini?"

"Nilichoona."

"Ukisema alikuwa nje, mume wangu amekwisha. Atakuwa mwongo mbele ya nchi nzima. Watoto watachekwa shuleni."

"Kaa chini kwanza, mwanangu."

"Sikai! Sikiliza, mama. Tumeongea na watu. Wewe sema alikuwa ndani tangu mwanzo. Mlango hukufungua, kura inabaki salama, na yule mwizi anaondoka. Kila kitu kinakaa sawa."

"Na rais aliyemwona kwenye benchi?"

"Nani atamwamini rais? Alisema hajui ile nyumba! Nchi nzima inajua ni mwongo. Na waandishi walikuwa wanakutazama wewe na ufunguo wako, picha zote ni kifua chako. Benchi hakuna aliyelipiga."

Hapo, niseme kweli, ndipo palipokuwa pagumu kuliko siku yenyewe. Kwa sababu binti hakuwa amesema ujinga. Neno moja dogo, na wote wanapata: nchi inapata, mkwe anapata, binti anapata. Anayekosa ni Tabasamu, na nani atamlilia? Na Mama Mlango alimchukia yule mtu kwa chuki ya moyo wote, hakuwa na haja ya kuificha.

"Siku ile kwenye benchi," akasema mwishowe, "yule mwizi alikuwapo. Hiyo ndiyo kweli yake. Yaani unataka nimwibie na hiyo moja aliyonayo?"

"Mama, huu si wakati wa utani."

"Sitanii. Tumemwondoa kwa sababu gani? Si kwa sababu aliinua mkono akadanganya? Sasa na mimi niende niinue mkono nidanganye, kisha nirudi nikalie kiti cha kumhukumu yeye? Toka hapa."

"Kwa hiyo unauchagua mlango kuliko mimi."

"Wewe nilikuzaa, mlango nilipewa. Lakini uongo huo sikuubeba mimi tumboni, ni wa mumeo. Mwambie aubebe mwenyewe."

Binti akatoka. Hakupiga mlango, aliufunga polepole, na hilo lilimwuma mamake zaidi.

Mahakamani watu walijaa mpaka madirishani. Mama Mlango alivaa gauni la bluu la kazini na viatu vyake vya kila siku, akapanda kizimbani, akaapa. Wakili wa Tabasamu alikuwa mtu laini, anaongea kama anapaka mafuta.

"Mama, unampenda mkwe wako?"

"Nimempa binti yangu."

"Sikuuliza hilo."

"Basi nimekujibu ninalotaka."

Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Wakili akaendelea. "Siku ya kura, baada ya kufunga, ulifungua mlango kabla Spika hajagonga?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata upenyo?"

"Mlango ule hauna kidogo. Ama umefungwa ama umefunguliwa."

"Mkwe wako alikuwa wapi?"

Binti alikuwa kwenye viti vya mbele, pembeni ya mumewe. Mama Mlango alimwona. Akatazama tena mbele.

"Nje. Kwenye benchi. Alichelewa kwa sababu ya domo, akanisihi nifungue, nikakataa. Akakaa nje mpaka mwisho. Rais akaja, nikamkatalia, naye akakaa. Walikuwa wawili kwenye benchi moja. Hapo rais wako amesema kweli, mwandikieni."

Ukumbi ukavuma. Wakili akatabasamu, maana aliona amemshika pabaya. "Lakini mkwe wako ameiambia nchi kwamba alipiga kura. Kwa hiyo mmoja wenu anadanganya. Ni wewe, au ni mheshimiwa mbunge?"

"Mwulize. Yuko hapo. Ana mdomo, hata kama siku zote haujui mahali pa kusimama."

Jaji akamwita Mkwe. Akapanda pale taratibu, ile suti siku hiyo haikumkaa. Akaapa. Wakili akamwambia kwa upole, "Mheshimiwa, ulipiga kura au hukupiga?"

Mkwe akawatazama watu wake waliokuja kumshangilia, wengine wamebeba picha yake. Akamtazama mkewe. Akamtazama Mama Mlango, akitafuta labda chembe ya huruma. Alipata uso uleule alioupata kwenye korido.

"Sikupiga," akasema.

"Sema kwa sauti, tafadhali."

"Sikupiga kura! Nilikuwa nje. Nilichelewa, mama akakataa kufungua. Yale ya redio... nilidanganya."

Mtu mmoja nyuma akaikunja ile picha, karatasi ikasikika.

Wakili wa Tabasamu alikaa chini kama mtu aliyenyang'anywa kiti, maana kesi yake yote ilikuwa imesimama juu ya ule uongo, na mwenye uongo ameuchukua. Jaji akaamua siku hiyohiyo: mlango haukufunguliwa, kura ni halali, na rais aliyeondolewa na bunge hawezi kujirudisha kwa amri, kwa desturi, wala kwa wakili. Mama Mlango hakuelewa maneno yote ya hukumu. Alielewa ile sehemu ya "aondoke".

Tabasamu akaondoka ikulu kwa geti la nyuma. Kesi ya lile jumba ikaanza, na safari hii hakukuwa na wa kumwomba ruhusa.

Uchaguzi ulipokuja, Mkwe alianguka. Watu wake walisema, tungekusamehe kuchelewa, hatuwezi kukusamehe redio mbili. Wapo waliomsifu kwamba mwishowe alisema kweli mbele ya jaji. Mama Mlango hakuwa miongoni mwao. Mtu akishabanwa kwenye kona pande zote, akisema kweli ni kwa sababu hakubaki na mahali pa kukimbilia. Alimwambia hivyo usoni, siku alipokuja nyumbani kwake peke yake, mikono nyuma, suti hana, amevaa fulana.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa. Umekula?"

"Nimekula. Umenisamehe?"

"Bado."

"Utanisamehe lini?"

"Sijui. Unataka nikudanganye?"

Mkwe akainama, mabega yakatikisika. Haikujulikana kama analia au anacheka, na Mama hakumwuliza. Alimpa kikombe cha chai, akamwuliza binti anaendeleaje.

"Anasema hayuko tayari kuja."

"Mwambie nitakwenda mimi. Asiponifungulia, nitakaa nje mpaka afungue. Mimi kukaa nje najua."

Akachukua mtandio wake, akavaa viatu, akamwacha Mkwe na chai yake, akatoka kwenda kwa binti yake.